Baada ya Siku ya Tisini: Kuchagua Mazoezi Mapya Programu ya Nyumbani Inapokwisha

Programu nyingi za mazoezi ya nyumbani zina siku ya mwisho. P90X ya mkufunzi Tony Horton, iliyoingia sokoni Marekani katikati ya miaka ya 2000, huchukua siku 90. Insanity ya Shaun T, iliyotoka mwaka 2009, huchukua siku 60. Zile za simu na za YouTube, ambazo ndizo wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wanazozifuata, kwa kawaida ni za mwezi mmoja, na nyingi hazidai zaidi ya mkeka na nafasi ya kulala chali sebuleni. Zote zinafanana kwa jambo moja: kazi ya kila siku imekwisha kupangwa. Anayezifuata hajiulizi afanye nini. Anafungua simu, anaiga, anamaliza, anaweka alama. Siku ya mwisho ikipita ratiba hunyamaza, na hapo ndipo wengi hupoteza walichokitolea jasho kwa miezi mitatu.

Kuanzia hapo watu hugawanyika. Wapo wanaosema watapumzika wiki moja, na wiki hiyo hugeuka mwezi. Wapo wanaorudi siku ya kwanza ya programu ileile. Na wapo wanaorukia programu nyingine kali kuliko ya kwanza, kwa imani kwamba maendeleo ni kuongeza jasho. Kundi la pili halistahili kuchekwa kama linavyochekwa, na litarudiwa mbele. La tatu ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu programu mpya huchaguliwa kwa ukali wake badala ya kuchaguliwa kwa mambo mawili yenye maana: programu ya zamani iliacha nini bila kukigusa, na wiki ya mhusika ina nafasi gani kwa kweli.

Mapumziko yenyewe hayana ubaya. Baada ya miezi miwili au mitatu ya kuruka na kupiga pushapu siku sita kwa wiki, magoti, mabega na viwiko hubeba uchovu ambao misuli haiuonyeshi. Siku saba hadi kumi za kutembea, kuogelea au kuendesha baiskeli bila haraka ni haki ya mwili. Kinachotakiwa ni kujua mapumziko hayo yanakoma lini. Utafiti ulioongozwa na Edward Coyle na kuchapishwa mwaka 1984 uliwafuatilia watu waliokuwa na mazoezi makali ya pumzi kisha wakaacha kabisa. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika siku 21 za mwanzo, na kufikia siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16. Nguvu za misuli huondoka taratibu zaidi. Kwa hiyo wiki moja ya kupumzika haiondoi kitu cha maana, wiki tatu huanza kuhisiwa kwenye ngazi za ghorofa, na miezi miwili humrudisha mtu nyuma hatua nyingi.

Kulinda kilichopatikana, hata hivyo, ni kazi ndogo sana kuliko kukipata, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Robert Hickson alionyesha kwamba watu waliojenga pumzi kwa kufanya mazoezi siku sita kwa wiki waliweza kuilinda kwa siku mbili tu kwa wiki, kwa wiki 15, mradi ukali wa mazoezi usipunguzwe. Upande wa nguvu, utafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham, uliochapishwa mwaka 2011, uliwachukua watu waliofanya mazoezi ya vyuma kwa wiki 16 na kuwapunguzia kazi kwa wiki 32 zilizofuata. Vijana waliobakiwa na sehemu moja tu kati ya tisa ya kazi ya awali, yaani siku moja kwa wiki na seti moja kwa kila zoezi, walibaki na nguvu zao. Watu wa miaka 60 hadi 75 nao walibaki na sehemu kubwa ya nguvu, ila unene wa misuli waliouongeza haukudumu kwa kazi ndogo kiasi hicho.

Hivyo, kabla hata ya kuanza kutafuta programu mpya, inafaa kuweka kiwango cha chini kisichovunjwa: siku mbili kwa wiki, dakika 20 hadi 30, mazoezi manne au matano ya programu iliyokwisha, kwa nguvu ileile. Kiwango hiki hakimpeleki mtu mbele, lakini kinamzuia asirudi nyuma wakati anafikiri. Ndicho pia cha kurudia kila maisha yanapobana: msimu wa mitihani, ugonjwa wa mtoto, safari ya kikazi, msiba kijijini.

Hatua inayofuata ni kujipima, kwa sababu picha za kabla na baada zinaonyesha sura tu. Vipimo vichache vya nyumbani vinatosha: idadi ya pushapu zilizo safi bila kusimama, muda wa kukaa kwenye planki mgongo usizame, sekunde za kuning'inia kwenye bomba kwa mikono, mapigo ya moyo kwa dakika asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na mzunguko wa kiuno kwenye kitovu. Kwa pumzi kuna kipimo cha Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani aliyekichapisha mwaka 1968: kukimbia dakika 12 na kupima umbali uliofikiwa. Pasipo na njia ya mbio iliyopimwa, uwanja wa mpira wenye mita 105 kwa 68 una mita 346 kwa mzunguko mmoja juu ya mstari wake. Viwanja vya mchangani hutofautiana sana, lakini hilo halina madhara ikiwa kipimo kijacho kitafanyika uwanja uleule. Namba hizi haziandikwi ili kushindana na mtu. Kazi yake ni kuonyesha, miezi miwili baadaye, kama programu mpya inafanya kazi au inachosha tu.

Vipimo hivyo mara nyingi hufichua kitu cha kushangaza. Mtu aliyemaliza siku 60 za kuruka, mwenye pushapu arobaini na tumbo gumu, anaweza kushindwa kuning'inia kwenye bomba sekunde ishirini, na kujivuta mara moja tu kidevu kifike juu ya bomba kukamshinda kabisa. Hana udhaifu wa kuzaliwa. Sababu iko kwenye mkeka. Mwili hufanya kazi za namna chache: kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa, kuinama na kuinua, kubeba, na kwenda umbali. Programu isiyotumia kifaa inaweza kumpa mtu kusukuma na kuchuchumaa mpaka achoke, lakini haiwezi kumpa cha kuvuta, kwa sababu sakafu haivutiki. P90X ni miongoni mwa chache zinazodai bomba au mikanda ya mpira tangu mwanzo. Insanity na karibu programu zote za mwezi mmoja za simu hazidai.

Matokeo yake ni mwili ulioendelea upande mmoja. Kifua na mbele ya mabega hukaza, mgongo wa juu hubaki nyuma, na anayeshinda kutwa mbele ya kompyuta au kwenye usukani huongeza kuinama juu ya kuinama. Misuli ya nyuma ya paja nayo huachwa, kwa kuwa skwati za uzito wa mwili hulemea zaidi mbele ya paja. Programu yoyote mpya isiyokuwa na mazoezi ya kuvuta na ya kuinua mzigo kutoka chini, kwa mtu anayetoka kwenye programu ya mkeka, ni ya kukataliwa hata kama mwalimu wake ana wafuasi milioni.

Vifaa vya kuvutia si lazima vinunuliwe ghali. Bomba la chuma linalofungwa mlangoni, tawi nene la mwembe au mnazi uliolala hutosha kwa kuning'inia na baadaye kujivuta. Mwamba wa goli hutumika pia, lakini uwe wa goli lililochimbiwa ardhini, kwa kuwa magoli ya kuhamishika hupinduka na yameshaua watu. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa hufungwa kwenye nguzo na kufanya kazi ya mkanda wa mpira. Kifaa bora kuliko vyote, na ambacho karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki inacho, ni dumu la lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni chuma kinachoongezwa uzito kwa kilo moja moja, jambo ambalo hata baadhi ya kumbi za mazoezi haziwezi. Mtu anaweza kuanza na lita nane, akainama mgongo ukiwa umenyooka, akavuta dumu kuelekea mbavuni mara kumi kwa kila mkono, seti tatu. Siku atakapofikisha mara kumi na mbili katika seti zote bila kujipinda, anaongeza lita moja. Maji hucheza ndani ya dumu ambalo halijajaa na kumyumbisha mbebaji. Anayekerwa na hilo atumie mchanga mkavu, ambao lita yake moja huwa na karibu kilo moja na nusu. Madumu mawili, moja kila mkono, yakibebwa kwa mwendo wa mita hamsini kwenda na kurudi, hufundisha kubeba, zoezi ambalo wachota maji wamelifanya miaka yote bila kulipa jina.

Kanuni iliyo nyuma ya kuongeza lita moja moja ndiyo inayobeba kila programu ya nguvu inayostahili jina hilo. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliitumia mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia kuwatibu askari waliojeruhiwa miguu: mgonjwa aliongezewa uzito hatua kwa hatua kadiri nguvu zake zilivyoongezeka, na wengi walipona haraka kuliko kwa mazoezi mepesi ya marudio mengi yaliyozoeleka. Programu nyingi za nyumbani huanza vizuri kwa kanuni hii kisha huiacha. Uzito wa mwili hauongezeki, basi zinaongeza marudio na kupunguza mapumziko. Mpaka pushapu kumi na tano au ishirini, nguvu inajengwa. Kuanzia thelathini kwenda juu kinachojengwa zaidi ni uvumilivu wa misuli, na anayetaka nguvu itabidi atafute uzito.

Pengo jingine liko kwenye pumzi. Vipindi vikali vya kuruka na kupumzika kidogo hupandisha mapigo ya moyo haraka, na ndiyo sifa ya Insanity, yenye vipindi vya takriban dakika 40 mwezi wa kwanza na karibu saa nzima mwezi wa pili. Kinachokosekana ni kazi ndefu na nyepesi: saa nzima ya mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi kamili bila kukata pumzi. Stephen Seiler, mtafiti anayefanya kazi Norway, alipochunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa mbio, makasia na kuteleza kwenye theluji, alikuta kwamba karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi na asilimia 20 tu ni vikali. Aliyewahi kuwaona wakimbiaji wa Iten wakitoka alfajiri siku ya mazoezi mepesi anajua jinsi wanavyoanza taratibu, kiasi kwamba mgeni wa kawaida anaweza kwenda nao kilomita moja na kujidanganya kwamba amewaweza. Aliyetoka kwenye siku 60 za ukali mtupu hahitaji siku 60 nyingine za ukali. Anahitaji wepesi aliounyimwa.

Mapengo yakishajulikana, uchaguzi wa njia huwa rahisi. Anayetaka nguvu na umbo atafute programu ya mwili mzima ya siku tatu kwa wiki, yenye mazoezi machache makubwa na utaratibu ulioandikwa wa kuongeza uzito. Mpango unaojulikana zaidi ni wa seti tano za marudio matano, ambao Bill Starr aliupa umaarufu katika kitabu chake cha mwaka 1976. Katika aina zake za kisasa kwa wanaoanza, mtu huanza na chuma kitupu cha kilo 20 na kuongeza kilo mbili na nusu kila kipindi mpaka ashindwe, kisha hurudi nyuma kidogo na kupanda tena. Ni mpango mkavu usio na muziki wala mbwembwe, na huo ndio uzuri wake. Aliyezoea video ataona seti zenye mapumziko ya dakika mbili hadi tatu kama uvivu. Sio uvivu: bila mapumziko hayo uzito hauwezi kupanda. Wiki za mwanzo kwenye ukumbi wa vyuma zitumike kujifunza mkao, na mwalimu anayemwekea mgeni uzito mkubwa siku ya kwanza ili kumvutia aepukwe.

Njia ya kukimbia inadai tahadhari ya aina yake, kwa sababu inaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Aliyemaliza programu kali ya nyumbani ana moyo na mapafu yaliyo tayari kwa kilomita tano tangu siku ya kwanza. Miguu yake haiko tayari. Kila hatua ya kukimbia huurudishia mguu nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na dakika ishirini za mbio zina hatua zaidi ya elfu tatu. Misuli huzoea kazi hiyo kwa wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana wanaoumia muundi na kano ya kisigino katika wiki za kwanza za mbio mara nyingi ni wale wenye pumzi nzuri: wasio na pumzi husimamishwa na kifua kabla miguu haijadhurika.

Dawa yake ni kukubali kuanza chini ya uwezo wa mapafu. Mpango wa Couch to 5K, ulioandikwa na Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, una wiki tisa za siku tatu. Wiki ya kwanza ni kukimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90 kwa kupokezana, dakika 20, baada ya kutembea dakika tano za kupasha mwili moto. Aliyetoka kwenye programu ya nyumbani anaweza kuingilia wiki ya tatu au ya nne, lakini asiruke mapumziko ya siku kati ya mbio na mbio. Njia ya udongo ni rafiki kuliko lami. Mchanga wa ufukweni, kama ule wa Coco Beach, unafaa karibu na maji ulikoshikana. Mchanga mlegevu hulemea kano ya kisigino, na ufuko unaoinama upande mmoja ukikimbiwa kila siku huumiza goti la upande uleule.

Faida ya njia hii Afrika Mashariki ni kwamba mtu hakosi wenzake. Vikundi vya jogging vya Tanzania, kutoka Temeke hadi Unguja, hutoka mwisho wa wiki alfajiri wakiimba, na mwendo wao hufuata wimbo, kwa hiyo mgeni hachoshwi. Kigali kuna siku ya barabara bila magari, iliyoanza mwaka 2016 na sasa hufanyika Jumapili mbili za kila mwezi. Anayetaka lengo lenye tarehe anaweza kujiandikisha mbio za Kilimanjaro mjini Moshi, zinazofanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, zenye kilomita 42, 21 na 5. Aliyemaliza wiki tisa za Couch to 5K aende za kilomita 5. Kilomita 21 zinahitaji wiki nyingine kumi au kumi na mbili za kujiandaa, hasa kwa kuwa njia yake ina mlima mrefu.

Kwa walio wengi, wasiotaka kuwa wabeba vyuma wala wakimbiaji, mchanganyiko ndio jibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Walio na miaka 65 na zaidi huongezewa mazoezi ya mizani siku tatu. Wiki inayotimiza hayo si ngumu kuipanga. Jumatatu na Alhamisi ni nguvu, dakika 40: kuvuta, kusukuma, kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kubeba. Jumatano ni kipindi kikali kifupi, na hapo video ya zamani inaweza kutumika bila kosa lolote. Jumamosi au Jumapili ni saa moja au zaidi ya mwendo mwepesi: mbio, baiskeli, au kutembea msitu wa Karura. Anayecheza mpira wa miguu au netiboli Jumapili ahesabu mchezo huo kuwa kipindi kikali, asije akajiongezea kingine Jumatatu.

Kurudia programu ileile nako ni chaguo halali kwa aliyeimaliza kwa kuchechemea, aliyekosa vipindi vingi, au aliyekuwa akifanya nusu ya marudio ya kwenye skrini. Huyo hajaimaliza kwa maana ya mwili wake, na mzunguko wa pili utampa zaidi ya programu mpya. Arudie kwa mabadiliko mawili: siku moja ya kuvuta iongezwe, na siku moja ya kuruka ibadilishwe kuwa mwendo mwepesi. Mzunguko wa tatu hauna tija kwa mtu yeyote.

Saa na mahali huamua mengi kuliko jina la programu. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar kati ya Desemba na Machi, joto na unyevu huufanya mwendo wa kawaida kuwa mzito. Vipindi vya nje viishe kabla ya saa mbili asubuhi au vianze baada ya saa kumi na moja jioni, na aliyezoea kufanya mazoezi ndani chini ya feni ajipe wiki mbili za kulizoea joto. Kwa anayefunga Ramadhani, mwezi huo haufai kuanzia programu mpya. Kile kiwango cha chini kinatosha, kikifanywa muda mfupi kabla ya futari kwa wepesi au baada ya tarawehe kwa nguvu. Anayeishi ghorofani atafute programu isiyo na kuruka, kwa amani ya jirani wa chini na ya magoti yake. Kwa wanawake, usalama na stara huingia kwenye hesabu: alfajiri ya giza barabarani peke yake haishauriwi, na kikundi au ukumbi wenye saa za wanawake unaweza kuwa sababu tosha ya kuchagua njia moja na kuacha nyingine. Ukumbi ulio mbali kwa daladala mbili hautembelewi zaidi ya mwezi, hata uwe na mashine za Ulaya. Kulipia siku moja moja kwa wiki mbili kabla ya kulipia mwezi huonyesha ukweli huo kwa gharama ndogo.

Programu yoyote inayowindwa ihojiwe kabla ya kuanzwa. Inasema waziwazi jinsi ya kuongeza uzito, umbali au marudio, au inabadilisha tu mazoezi kila siku? P90X ilisifika kwa madai kwamba kubadilisha mazoezi huchanganya misuli na kuizuia isizoee. Madai hayo ni ya kibiashara zaidi: misuli haichanganyikiwi. Mabadiliko yanasaidia kuondoa uchovu wa akili na kupumzisha viungo, lakini anayebadilisha kila kitu kila wiki hawezi kujua kama ameongezeka nguvu. Ina siku za kupumzika? Siku sita kwa wiki zinawezekana kwa siku 60. Kwa maisha, siku tatu au nne ndizo zinazodumu. Inaahidi kuondoa kitambi kwa mazoezi ya tumbo? Basi iachwe, kwa sababu mafuta ya tumbo hupungua mwili mzima unapopungua, na kupungua huko huamuliwa zaidi na sahani.

Sahani yenyewe hubadilika kulingana na njia. Programu nyingi za nyumbani huja na mlo wa kubana, na kubana huko kukiendelea wakati mtu anaanza kubeba vyuma, uzito hautapanda. Kwa anayejenga misuli, takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha, yaani karibu gramu 112 kwa mtu wa kilo 70. Yai moja lina gramu kama sita. Maharage, dagaa, maziwa, karanga na samaki hufikisha hesabu hiyo bila unga wa makopo.

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au ujauzito amwone daktari kabla ya kubadili aina ya mazoezi, hata kama programu iliyopita aliimaliza salama. Maumivu ya misuli yanayoanza siku ya pili na kwisha siku ya tatu au ya nne ni ya kawaida kwa kila zoezi jipya. Maumivu ya kiungo yanayochoma mahali pamoja na kuongezeka kila kipindi si ya kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kuangusha, au mkojo kugeuka rangi ya kahawia baada ya kipindi kikali ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo. Rangi hiyo inaweza kuwa dalili ya misuli kuvunjika na kuhatarisha figo, na huwapata hata wenye afya wanaorukia ukali mpya ghafla.

Programu iliyochaguliwa ipewe wiki nane, na katika wiki hizo kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Vipimo vya awali virudiwe mwishoni mwa wiki ya nane, katika uwanja uleule na saa ileile. Ikiwa vyote vimesimama huku mtu analala vizuri na anakula vya kutosha, programu ibadilishwe. Kama hata kimoja kinapanda na hakuna kiungo kinachouma, iachwe iendelee.